Gari linasema "mawasiliano na VSC yamepotea": uanze na kidude cha blututhi, mashine ya fundi, Techstream au mita?

Mwezi wa nne, masika ikiwa imepamba moto, mama mmoja aliniletea Harrier ya 2014, hii ambayo mtaani Dar tunaiita Anaconda. Alipoiwasha mbele yangu dashibodi ilijaa taa: VSC (mfumo unaozuia gari kuserereka), ABS (unaozuia magurudumu kufunga ukikanyaga breki) na ile nyekundu ya breki. Aliposogeza gari hatua chache, mshale wa spidi ulibaki umelala kwenye sifuri. Alikuwa ameshapita gereji mbili. Ya kwanza walichomeka kidude cha blututhi kinachosoma hitilafu kupitia simu, wakamwambia injini haina tatizo, aendelee tu na safari zake. Ya pili walipima kwa mashine kubwa, ikatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, U0129, wakamwambia anunue pampu ya ABS nzima na kompyuta yake.

"Fundi," akaniambia, "mmoja anasema hakuna kitu, mwingine anataka nivunje kibubu. Nimwamini yupi?"

Vifaa vyote viwili vilikuwa vimesema kweli. Kidude kiliulizwa habari za injini kikajibu habari za injini. Mashine iliulizwa kompyuta zote za gari, ikaeleza nani hasikiki. Hakuna kilichoulizwa kwa nini hasikiki, na swali hilo ndilo lenye pesa ya yule mama ndani yake. Nimefanya umeme wa magari kwa miaka mingi na bado naona watu wanachagua kifaa kwa ukubwa wa skrini. Chagua kwa swali unalotaka lijibiwe.

Kodi ya U maana yake nini

Herufi ya kwanza ya kodi inakuonyesha mtaa. P ni injini na gia. C ni chasi, yaani breki, usukani na sensa za magurudumu. B ni bodi. U ni mtandao, zile nyaya ambazo kompyuta za gari zinatumia kupeana habari. U0121 inasema kompyuta fulani imepoteza mawasiliano na kompyuta ya ABS. U0129 ni jirani yake, inataja kompyuta ya mfumo wa breki, na kwenye Toyota mara nyingi utaikuta imeandikwa na dashibodi. U0123 inataja sensa inayopima gari linavyojizungusha, U0126 inataja sensa ya pembe ya usukani, U0100 inataja kompyuta ya injini. U0073 ni malalamiko kwamba njia yenyewe ya mawasiliano imefungwa.

Angalia vizuri hapa. Kodi ya U inamtaja aliyenyamaza, tena kwa kauli ya mwenzake aliyekuwa akimsubiri. Inawezekana amekufa. Inawezekana pia amekatiwa umeme, au waya wa ethi umeoza, au waya wa mawasiliano umekatika njiani huku yeye akiendelea kupaza sauti peke yake. Kodi ni ileile kwa hali zote hizo. Fundi anayekuambia "U0121, kwa hiyo pampu" ameruka hatua tatu.

VSC inaumia kwa hitilafu hizi kuliko mifumo mingine kwa sababu haina kazi inayoifanya peke yake. Gari likianza kuserereka, lazima isikie usukani umeelekezwa wapi, gari lenyewe linazunguka kiasi gani na kila gurudumu linakwenda kwa kasi gani, kisha ibane breki ya gurudumu moja na kuiomba injini ipunguze nguvu, yote kwa kufumba na kufumbua. Bosch na Mercedes walipoingiza mfumo huu sokoni mwaka 1995 kwa jina la ESP, tayari Bosch walikuwa na mtandao wa CAN, njia ya kompyuta za gari kuzungumza, waliouzindua mwaka 1986. Toyota wanauita VSC, Subaru na Nissan VDC, Honda VSA, BMW na Mazda DSC. Majina mengi, lakini wote wanategemea mazungumzo yasiyokatika.

Kabla hujamlipa mtu, tazama taa zimewaka kwa mpangilio gani. Ikiwa ni taa ya injini pamoja na VSC tu, mshale wa spidi unafanya kazi na taa ya ABS imezima, huenda huna tatizo la mawasiliano kabisa. Toyota ina kodi C1201, ambayo ni VSC kusema "injini ina hitilafu, kwa hiyo nami nimejizima." Tibu injini, VSC itarudi yenyewe. Subaru nao wana tabia hiyo: taa ya injini ikiwaka, ya VDC huifuata. Lakini ukiona ABS, VSC na taa nyekundu ya breki kwa pamoja na spidi imelala, kama kwa yule mama, basi dashibodi haimsikii mtu wa breki, maana kwenye Toyota nyingi spidi unayoisoma inatoka kwenye kompyuta ya ABS.

Na kabla ya kifaa chochote, betri. Iliyolala vizuri inasoma volti 12.4 hadi 12.6. Ikiwa inashuka chini ya 10 unapopiga stata, kompyuta huzimika moja baada ya nyingine na kuacha kodi za U kila mahali, ambazo hazina maana yoyote. Nimeshafuta kodi tisa kwenye gari moja kwa kubadilisha betri tu.

Kidude cha blututhi dhidi ya mashine ya mkononi

Kidude cha ELM327, hiki kinachouzwa Kariakoo mpaka na wauza kava za simu, kinazungumza lugha ambayo Marekani ililazimisha magari yote mapya yaielewe kuanzia mwaka 1996. Sheria ile ilikuwa ya kudhibiti moshi, kwa hiyo lugha yenyewe inahusu injini. Hakuna aliyewalazimisha watengenezaji waweke breki ndani yake. Ndiyo maana kidude kikiwa na programu ya kawaida ya simu kinakuonyesha P zote na labda U moja au mbili ambazo injini imeziandika, kisha kinakuambia gari ni zima huku ABS imewaka. Na magari yetu mengi yalitengenezwa yauzwe Japani, ambako sheria ya Marekani haikuwahusu. Ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 mara nyingi kidude hakiyapati kabisa, na watu hudhani soketi imekufa.

Sisemi kidude hakifai. Zipo programu chache zinazojua lugha za ndani za kampuni fulani, na FORScan, kwa mfano, inaingia mpaka ABS ya Ford na ya Mazda kwa kidude kizuri. Lakini kwa swali letu, mwenye Toyota, Nissan au Subaru akitumia programu ya bure, jibu la "hakuna kodi" lisimtulize.

Mashine ya mkononi, kama za Launch au Autel ambazo zote zinatoka Shenzhen, inapita kompyuta moja baada ya nyingine na kukupa orodha. Faida yake kubwa kwenye hitilafu ya mawasiliano ni jambo ambalo mafundi wengi hawalitazami: ni kompyuta ipi imeshindwa kujibu mashine yenyewe. Kusoma kwamba dashibodi imeandika U0129 ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kujaribu kuingia ABS moja kwa moja. Ikifunguka na kukupa kodi zake, basi inaishi, ina umeme, na waya umefika; tatizo ni la kupotea na kurudi. Isipofunguka kabisa, imezimika au imetengwa. Hapo unajua uende na mita ya umeme upande gani.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi gari, usimwombe "kodi" peke yake. Mwambie akuonyeshe kwenye skrini kama ABS inafunguka. Akikataa kukuonyesha, tafuta mwingine.

Udhaifu wa mashine hizi ni tafsiri. Mashine inayopima kampuni sabini haiwezi kuzijua zote kwa undani sawa. Nimeona mashine ikimwandikia mtu "hakuna VSC kwenye gari hili" kwa sababu aliingiza mwaka usio sahihi, na magari ya Japani yenye namba fupi ya chasi badala ya ile ndefu yanaichanganya mara kwa mara. Chagua modeli mwenyewe kwa mkono, usiiache mashine ijitafutie.

Techstream: inafaa nani?

Techstream ni programu ya Toyota wenyewe. Inawekwa kwenye laptopu yenye Windows na kuunganishwa kwa kebo. Kebo halisi ni ghali. Nakala za Kichina zinazoitwa Mini VCI ni rahisi mno kulinganisha na mashine ya mkononi, ingawa ubora wake ni bahati nasibu na kuisakinisha kunaweza kukula jioni nzima.

Inashinda mashine ya mkononi kwa kipengele kimoja, ukaguzi wa njia ya mawasiliano. Skrini inakuorodheshea kila kompyuta inayosikika kwa wakati huo na inaendelea kujisasisha. Unamweka mwenzako aitazame skrini, wewe unashika fungu la nyaya chini ya dashibodi na kulitikisa taratibu, sehemu baada ya sehemu. Jina la ABS likitoweka na kurudi mkono wako ukiwa mahali fulani, umeshafika. Mashine ya mkononi inakupa picha iliyopigwa zamani kidogo. Hii inakupa dirisha. Pia ndiyo njia ya uhakika ya kuwekea sifuri sensa ya mzunguko na ya mwendo baada ya matengenezo, kazi ambayo wengine huifanya kwa kuunganisha pini 4 na 12 za soketi kwa kipande cha waya. Njia hiyo ya waya ipo na inafanya kazi kwenye Toyota nyingi, lakini pini 16 ina moto wa betri muda wote. Nisingemshauri mtu asiye na mazoea aijaribu gizani.

Kama una gari moja tu, usiinunue. Kama una magari manne ya Toyota ya kukodisha, au wewe ni fundi ambaye nusu ya wateja wako ni Toyota, itakulipa haraka. Wenye Volkswagen, Audi na Skoda wana VCDS ya Ross-Tech inayowafanyia kazi hiyohiyo, na kwao ningeweka umuhimu zaidi, kwa sababu kompyuta ya ABS ya magari hayo ikibadilishwa lazima iandikiwe upya na kuzoeshwa gari.

Mita, ambayo kila mtu anaidharau

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tatizo la mawasiliano linapoisha. Mita ya kawaida, ile ya njano ya dukani, inajibu maswali mawili ambayo hakuna mashine ya kompyuta inayoyajibu: njia ya CAN ni nzima? Kompyuta ya ABS ina moto na ethi?

Zima gari, toa ufunguo, funga milango na usubiri dakika moja ili kompyuta zilale, kisha chomoa hasi ya betri. Nenda kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine, chini ya usukani. Ina pini 16 kwa safu mbili. Pini 6 ni CAN ya juu, pini 14 ni CAN ya chini, nayo 14 iko moja kwa moja chini ya 6. Weka mita kwenye omu, gusa hizo mbili. Ukisoma kama 60, njia kuu ni nzima. Vitabu vya Toyota vinaruhusu kati ya 54 na 69. Sababu ni kwamba kila mwisho wa njia kuu kuna kizuizi cha omu 120, na vikiwa viwili sambamba vinatoa 60. Ukisoma 120, mwisho mmoja umepotea, yaani waya umekatika au kompyuta yenye kizuizi imechomoka. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Kisha pima pini 6 kwenda 4, na 14 kwenda 4, ambayo ni ethi: Toyota wanataka 200 au zaidi. Chini ya hapo waya umechubuka na unagusa bodi. Kwenda pini 16 wanataka 6,000 au zaidi.

Mafundi wengi wakipata 60 husema "CAN iko sawa, ni pampu." Hapo ndipo watu wanapoumia. ABS kwenye gari nyingi imekaa kwenye tawi, haiko kwenye njia kuu. Tawi likikatika, njia kuu haina habari, na pale kwenye OBD utaendelea kusoma 60 kama kawaida. Lazima uende mpaka kwenye soketi ya ABS yenyewe, chini ya boneti, uichomoe, na upime nyaya za CAN upande wa gari. Mchoro wa umeme wa gari lako utakuambia ni pini zipi. Rangi peke yake isikudanganye. Pale nako unatakiwa kupata kama 60. Ukipata hakuna kitu, pampu haina kosa hata kidogo: waya umekatika kati ya hapo na njia kuu. (Kwenye baadhi ya magari kizuizi kimoja kimo ndani ya ABS, na hapo ukiichomoa utasoma 120. Mchoro tena.)

Kuhusu moto na ethi, nakuomba usiamini mita peke yake. Waya ulioliwa na kutu mpaka ukabaki uzi mmoja bado utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu mita haivuti mzigo wowote. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge nyaya mbili, na uiweke kati ya pini ya moto na pini ya ethi kwenye soketi ya ABS. Iking'aa kama inavyong'aa kwenye indiketa, umeme upo wa kweli. Ikiwa nyekundu na hafifu, rudi kwenye fyuzi au kwenye ethi iliyofungwa kwenye bodi. ABS huwa na fyuzi mbili kubwa, ya mota na ya vali, na ndogo inayowashwa na swichi. Ndogo hiyo ndiyo inayosahauliwa, na ikiungua kompyuta haiamki ingawa zile kubwa ziko salama. Unapogusa pini za soketi, usizilazimishe kwa ncha nene ya mita. Pini ikishatanuka haibani tena, na umejitengenezea hitilafu mpya ya kupotea na kurudi. Mimi natumia pini mbovu niliyoikata kutoka soketi ya zamani ya aina hiyohiyo.

Mita ina mpaka wake. Ukiwasha gari na kupima volti, CAN ya juu itasoma juu kidogo ya 2.5 na ya chini chini kidogo ya 2.5, na hayo ni makadirio tu ya kitu kinachopanda mpaka 3.5 na kushuka mpaka 1.5 mara maelfu kwa sekunde. Kama tatizo ni sauti iliyopotoka, kompyuta moja inayowapigia wenzake kelele, mita haitaiona. Hapo ni osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, na wenye kujua kuitumia ni wachache. Bila osiloskopu, chomoa kompyuta moja moja mpaka mtandao utulie. Ni polepole, lakini inafika.

Kilichokuwa kwenye Anaconda

Mashine ilikataa kuingia ABS. Kwenye OBD nilisoma 61. Balbu kwenye soketi ya ABS iling'aa vizuri. CAN kwenye soketi hiyohiyo haikusoma kitu. Mpaka hapo ilikuwa chini ya saa moja na pampu ilikuwa imeshafutwa kwenye orodha ya washukiwa.

Nilifuata tawi kurudi ndani ya gari, nikafungua plastiki ya pembeni, pale mguu wa kushoto wa abiria unapokaa. Kapeti lilikuwa na unyevu. Chini ya tepu nyeusi iliyolainika kwa joto mpaka ikawa gundi, nilikuta waya wa CAN ya chini umekatwa na kuunganishwa kwa kusokotwa pamoja na waya wa kifaa cha kufuatilia gari. Nilipovuta kidogo tu ukaachia. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, ule wa sarafu iliyokaa majini.

"Mama, kuna mtu aliwahi kukufungia kifaa cha kufuatilia gari?"

"Ndiyo, mwaka juzi. Mbona kinafanya kazi hata leo?"

Kifaa kilikuwa kinafanya kazi. Aliyekifunga hakumaanisha ubaya. Lakini alama ya vifaa vya kufuatilia, alamu za dukani na redio za Android zilizounganishwa na nyaya za gari ni kitu cha kwanza ninachouliza siku hizi, kabla sijachomeka mashine yoyote, na ninaomba na wewe umwambie fundi wako hata kabla hajakuuliza. Vingine vya kuuliza: gari lilioshwa injini kwa pampu ya maji ya nguvu? Liliingia kwenye maji ya mafuriko? Lilikaa wiki kadhaa bila kutembea, maana panya hupenda nyaya zenye joto? Na kwa wenzetu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, chumvi ya bahari inaoza ethi za boneti mapema kuliko bara.

Ikibidi kununua pampu kweli

Hutokea. Kompyuta za ABS hufa kweli, hasa viunganishi vya ndani vinavyochoka kwa joto la injini. Ukishathibitisha moto upo, ethi ipo, CAN imefika kwenye soketi na bado haijibu, basi una njia tatu. Mpya kwa wakala wa kampuni inakupa uhakika na kukumaliza mfuko. Iliyotumika, ya Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi, ni nafuu, lakini namba iliyo kwenye lebo ifanane herufi kwa herufi, kwa sababu pampu mbili zinazofanana sura zinaweza kuwa za gari lenye VSC na lisilo nayo. Kumtafuta mtu anayefungua na kurekebisha kompyuta yako mwenyewe ndilo chaguo ninalolipenda kwa magari ya Ulaya, kwa sababu kompyuta inabaki na maandishi yake na haihitaji kuzoeshwa upya. Kwenye magari mengi kompyuta hutenganishwa na pampu, na ukifanikiwa kubadilisha kompyuta tu, hufungui mabomba ya breki. Ukifungua mabomba, ni lazima kutoa hewa kwa mpango, na baadhi ya magari yanahitaji mashine kuizungusha pampu wakati wa kazi hiyo. Kwa hiyo muulize fundi hilo kabla hujalipa, si baada ya kanyagio kuwa laini.

Fundi wa mtaani au wakala? Kama gari lina miaka chini ya mitano na lina mfumo wa kujibana breki lenyewe au kamera za mbele, mpelekee wakala. Mifumo hiyo imeunganishwa na VSC, na kuipanga upya kunahitaji vifaa ambavyo gereji nyingi hazina. Gari la umri wa Anaconda ile, fundi umeme mwenye mashine ya kuingia ABS, mita, balbu na mchoro atakufikisha. Asiye na mchoro anabahatisha.

Ukiwa bado unatafuta fundi, breki za kawaida zitashika, lakini magurudumu yanaweza kufunga ukikanyaga ghafla, na taa nyekundu ikiwaka pamoja na ABS inaweza kumaanisha mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma umezimwa pia, kwa hiyo nyuma inaweza kutangulia kuteleza. Usiuteremke mlima Kitonga na mzigo kwa hali hiyo mvua ikinyesha.

Harrier ya yule mama niliirudishia waya kwa kulehemu kwa risasi, nikasokota upya nyaya mbili za CAN kama zilivyotoka kiwandani, nikaziba kwa mpira unaobana kwa joto, na kifaa cha kufuatilia nikakitafutia moto na ethi peke yake. Nilifuta kodi, nikaweka gari mahali tambarare usukani ukiwa umenyooka, nikaweka sifuri sensa kwa Techstream. Tulizunguka naye kilomita sita, tukapita matuta na barabara mbovu makusudi. Nilipopima tena, ABS ilifunguka na orodha ilikuwa tupu. Nilimwambia arudi baada ya mvua mbili kubwa nipime bila malipo, kwa sababu kapeti lile lilikuwa bado halijakauka na sikuwa nimeona maji yanaingilia wapi. Alirudi. Ilikuwa mpira wa mlango.